Kitufe Chekundu

Ninaandika haya kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwenye simu yenye ufa katikati ya kioo. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili, na siku za baridi tatu. Ukiona mahali nimeruka, usidhani ninaficha jambo. Ni kidole kimechoka. Ninakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na mgonjwa wako aliyepinda mdomo, au wewe mwenyewe uliyepinda mdomo na unasomewa haya na mtu. Kiharusi ni nini, sitakueleza. Daktari atakueleza, hutaelewa, na siku hiyo haitakusaidia kitu.

Jina langu ni Festo, fundi umeme wa magari hapa Mbeya, mzaliwa wa Igowole kule Mufindi. Kabla sijaumwa, pale gereji waliniita Mjapani. Magari tunayotengeneza karibu yote yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na ukifungua boneti, kifuniko cha boksi la fyuzi kimeandikwa kwa maandishi yao. Mafundi wengi hubahatisha. Wanachomoa fyuzi moja moja mpaka taa waliyokuwa wakiitafuta izime. Mimi nilichoka kubahatisha, nikapakua kwenye simu programu ya kujifunza kanji, yale maandishi ambayo alama moja ni neno zima.

Ilikuwa hivi. Programu inakuonyesha alama, unaifuatisha kwa kidole kwenye kioo, mstari mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wake, na ukianza mstari usio wake inakukatalia. Baadaye inakuletea alama peke yake na kukuuliza kama unaikumbuka. Ukikumbuka unabonyeza kitufe cha kijani. Ukiwa umesahau, chekundu. Alama ya kijani inaondoka, inarudi baada ya siku nne, halafu wiki mbili, halafu miezi. Ya chekundu inarudi kesho. Nilifanya hivyo kila mchana nikisubiri ugali, miaka mitatu, na nikajua alama kama mia nne. Kushoto, kulia, maji, mafuta, taa, umeme. Nyingine hazikuwa na kazi yoyote kwenye gari, kama mvua, mtoto, mama, lakini programu ilizileta kwa zamu yake nami nikazichukua.

Kazi yangu nyingine ya kusoma niliianza nikiwa darasa la tatu. Mama yangu hakujua hata herufi moja. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli huku Mbeya, na alimwandikia barua, zote kumi na moja, kisha akafia huku huku kabla sijamaliza darasa la nne. Mama alizitunza kwenye kopo la majani ya chai. Kila nilipokwenda nyumbani, tukishakula, alilileta kopo, akalifuta kwa kitenge chake, akachomoa barua moja na kuniambia, "Haya, nisomee mume wangu." Nimeoa, nimekuwa na mtoto, nimeota mvi, na bado nilikaa kwenye kigoda kile kile na kumsomea. Macho yake kwenye karatasi yalikuwa mimi. Katika zile kumi na moja ipo moja niliyokuwa nikiisoma kwa namna yangu, na nitaifikia.

Kiharusi kilinikuta mwezi wa Juni, nimelala chini ya dashibodi ya gari la mtu. Tochi ilinidondoka mkononi. Nikadhani ni ganzi ya baridi, maana Mbeya mwezi wa sita vidole havina adabu. Nikataka kumwambia mwenzangu aniokotee, na kilichotoka mdomoni sikukijua hata mimi. Aliniangalia usoni, akaacha kucheka katikati ya kicheko.

Siku za mwanzo hospitalini nimeziona vipande vipande. Ninachokikumbuka ni ukuta. Kitandani nilipolazwa, ukutani mbele yangu kulikuwa na bango kubwa la kufundisha kunawa mikono. Niliona picha ya bomba na picha ya sabuni, na chini yake siafu wamejipanga. Nilijua kwamba yale ni maandishi ya Kiswahili. Nilijua kwamba juzi ningeyasoma bila hata kutaka. Niliyaangalia siku nzima, na yakabaki siafu.

Mke wangu Atupele alinilisha uji kwa kijiko cha mtoto. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani ukakataa kukunjuka, mguu ukawa mzigo wa kuburuta, mate yalinitoka upande mmoja bila taarifa. Nililia watu wakisimulia mambo ya kuchekesha, nikacheka mchungaji alipokuja kuniombea. Hilo la mwisho lilinitesa kuliko mguu. Kama mgonjwa wako anacheka msibani, usimkemee. Anajua, na hana breki.

Baada ya kuruhusiwa tulirudi kliniki ya mazoezi mara tatu kwa wiki. Atupele ana genge la mchele sokoni, na siku hizo alilifunga. Benchi la kusubiria lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wagonjwa. Tulikaa hapo saa nne, tano. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepooza kama mimi ambaye akiwahi alitandika kanga yake nafasi ya pili kunishikia, na mtu akitaka kukaa alisema, "Hapo pana mwenyewe." Hakujua jina langu wala mimi lake, na nisingeweza kulitamka. Lakini kwa wiki nyingi, jambo pekee jema lililonitokea nje ya nyumba yangu lilikuwa kanga ile.

Mwezi wa Agosti, kwenye benchi hilo, Atupele alinipa simu yangu nisikilize redio wakati yeye anafuatilia faili. Kidole gumba cha kushoto kikagusa pasipotakiwa, na ile programu ikafunguka. Ikaleta alama. Kushoto! Nikaijua palepale kama mtu anavyomjua jirani yake. Nikabonyeza kijani. Ikaja maji. Kijani. Ikaja taa. Kulikuwa na alama nyingi zinanisubiri za miezi miwili, na nyingi niliziona na kuzijua. Nikaanza kulia kwa sauti, na yule bibi akamwita nesi akidhani nimezidiwa.

Daktari alisema hutokea, kwamba pengine picha huwa zina chumba chake kichwani na herufi chumba chake, na kilichoungua ni kimoja. Hakusema zaidi. Bwana wa mazoezi ya viungo alifurahi. "Basi hiyo ndiyo iwe kazi ya mkono wa kushoto," akasema. "Chora kila siku."

Nyumbani hawakufurahi. Asubuhi moja nilikuwa uani nachora kwa kijiti kwenye udongo, alama baada ya alama, nimenogewa. Atupele akatoka na beseni la nguo, akasimama akiniangalia. Miezi miwili na nusu alikuwa akinifundisha jina lake. A-tu-pe-le. Nilikuwa sijaweza hata nusu.

"Kijapani unakijua," akasema. "Baba Tusa, Kijapani unakijua. Mimi jina langu umelitupa wapi?"

Akaliweka beseni chini, akalia amejiinamia. Nilijua alama ya mke, nikaichora, nikamwonyesha kwa kijiti. Akaifuta kwa mguu. Sikumlaumu siku ile, na leo pia simlaumu.

Mama hatukumwambia. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kumchosha na miguu ilikuwa inavimba, tukaona aambiwe kwamba Festo amelegea upande mmoja na mdomo ni mzito, basi. Habari ya kusoma tuliificha. Mwishoni mwa Septemba akasema kama sitaletwa atakuja mwenyewe kwa miguu hiyo hiyo, na kwa kumfahamu, angekuja. Tukaenda Igowole.

Alinipokea mlangoni, amekuwa mdogo ndani ya sweta lake. "Kamwene," akaniamkia, kama tunavyoamkiana kwetu. Nami nikajibu, "Kamwene." Neno zima! Atupele alinigeukia mdomo wazi. Lilikuwa neno la kwanza kutoka likiwa halijavunjika, na lilitoka peke yake, kwa sababu nadhani halikuwahi kupita kwangu kama neno. Mama akacheka, "Si anaongea huyu! Mbona mlisema haongei?"

Tukala. Akaleta kopo. Akalifuta. "Haya, nisomee mume wangu."

Nikaishika barua. Siafu wa wino wa bluu. Nikakohoa, nikaonyesha koo. Akaichukua akairudisha kwenye kopo. Kesho yake akaileta nyingine, nami nikafanya ujinga ule ule wa koo. Safari hii alilifunika kopo polepole, akamwambia Atupele, mimi nikiwa hapo hapo, "Amechoka na barua zangu. Muache, amekuwa mkubwa." Nimewahi kupigwa shoti ya umeme mara nyingi, haijawahi kuniuma vile.

Asubuhi nilimkuta jikoni, ameketi na ungo magotini, unga wa mahindi umetandazwa anaokota vijiwe. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nikanyoosha kidole cha kushoto nikachora kwenye ule unga alama ya mama. Ni kama boksi lililoinama kidogo, ndani mna nukta mbili, moja juu na moja chini, halafu mstari mmoja unapita katikati na kutokea pande zote mbili. Nikamwonyesha alama, nikamwonyesha yeye.

"Hiyo ni mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hivi vidoti?"

Atupele alikuwa mlangoni. Zamani, kabla ya ugonjwa, niliwahi kumweleza. Akasema, "Ni maziwa, Mama. Ya kunyonyesha."

Mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge. "Kumbe hawa watu wana akili!" Alijiangalia pale kwenye ungo muda mrefu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na hakuwa amewahi kujiona ameandikwa akajitambua. Halafu nikainua barua moja niliyokuwa nimeitoa kwenye kopo, nikaonyesha maandishi ya baba, nikaonyesha kichwa changu, nikafuta unga kwa kiganja.

Kicheko kikamtoka usoni. "Zimefutika? Za baba yako zote zimefutika?"

Nikaitikia. Nikaanza kulia, na safari hii nililia mahali pake.

Akauweka ungo chini. Akaichukua ile barua, akaikagua, akaona doa la mafuta kwenye kona, akasema, "Hii ni ile ya mvua." Kisha akaanza. Mke wangu mpendwa, salamu nyingi, huku mvua ni kubwa na tuta la reli limekatika... Aliisoma yote mpaka jina la baba mwishoni, karatasi ameishika juu chini. Alikuwa nazo zote kichwani. Miaka yote ile hakuwa na haja ya macho yangu. Alitaka kunisikia tu.

Sikurudi Mbeya na Atupele. Nilibaki Igowole, naye alikuja kunichukua mara moja kwa mwezi kwenda kliniki. Sisi wawili, mama na mimi, tukaanzisha shule. Yeye alikuwa na sauti bila macho, mimi macho bila sauti. Nilichukua neno la baba zima zima, sikulivunja herufi, nikalitazama kama ninavyoitazama kanji, umbo moja. Yeye akalitamka. Nikalifuatisha kwa kidole kwenye unga, nikalifunika, nikalichora tena. "Mke" lilikuwa la kwanza. "Mvua" lilichukua siku tano. Nilikuwa nimemwonyesha vile vitufe kwenye simu, na akavipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea. Nikikosea alisema, "Nyekundu hiyo. Inarudi kesho." Na kesho yake, kabla ya chai, aliirudisha kweli. Hakusahau hata moja.

Jambo moja alilijua bila kufundishwa, na ndilo ninalotaka ulishike. Neno likininasia mdomoni hakunimalizia. Alikaa ameshika kidevu akisubiri, hata chungu kikifurika.

Oktoba ikapita, Novemba ukungu ukawa unakaa kwenye misonobari mpaka adhuhuri, mvua zikaanza. Nikaweza barua tatu, nikaweza sita. Niliongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini niliongea. Atupele alipokuja Desemba nilimwita jina lake kutoka mlangoni, lote. Alirudi nje akajidai anatafuta kiatu.

Wiki hiyo hiyo tukafika kwenye ile barua.

Mama akaikagua, yenye pembe iliyochanika, akaanza. Salamu, habari za watoto, nipo salama. Kidole changu kikamfuata neno kwa neno. Akaendelea: "Nitakuja Krismasi, nitakuletea kitenge kizuri, mnisubiri." Kidole kikasimama. Nikarudi nyuma, nikaanza tena. Krismasi haikuwepo. Kitenge hakikuwepo. Maumbo yaliyokuwa pale yalikuwa mengine, na polepole, moja moja, nikayajua, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nilitamani nisijue kusoma.

Barua ile ilipofika nilikuwa na miaka tisa. Baba aliandika kwamba huku Mbeya amepata nyumba nyingine na mama mwingine, kwamba hatarudi, asimsubiri. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, mikono magotini, ananiangalia mdomoni. Nikasema Krismasi. Nikasema kitenge. Na Krismasi ile mama alichinja kuku wetu wa pekee, akavaa gauni lake la kanisani, tukasubiri mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo, kila nilipoisoma barua ile nilisoma ya kwangu.

"Mbona umesimama?"

"Mama," nikasema. "Hapa. Ni... nili... nilidanganya."

Alisubiri nimalize. Nilipomaliza akasema, "Najua."

Nikamtazama.

"Baba yako na kitenge wapi na wapi! Mtu hajawahi kuniletea hata pipi." Alicheka kidogo, pumzi ikamkata, akapumzika. "Halafu ukifika hapo ulikuwa unameza mate. Glu! Umeota ndevu unameza mate, umeota mvi unameza mate. Sasa ulifikiri mimi mjinga?"

"Kuku," nikasema. "Kwa nini... uli... ulichinja?"

"Kwa ajili yako. Ningeacha kuchinja si ungejua nimekujua? Mtoto mdogo vile. Nilichinja ili usione aibu."

Nikainyoosha ile pembe iliyochanika kwa kidole gumba.

Nikamwonyesha karatasi. "Niso... nisome ya kweli?"

Aliwaza. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. "Hapana," akasema. "Miaka yote nimekaa na ya kwako. Hiyo nyingine nitaipeleka wapi sasa hivi? Nisomee yako."

Basi nikaishika barua ya baba, nikamsomea maneno ambayo hayakuwemo. Nilikwama kwenye Krismasi. Nilikwama muda mrefu sana, naye ameshika kidevu, ananisubiri, mpaka ikatoka.

Alifariki mwezi wa Machi, ulanzi, ile pombe ya kwetu, ukiwa umejaa kwenye mianzi na barabara zote tope. Mimi nilikuwa kliniki Mbeya, kwenye lile benchi. Nilifika wameshamwosha. Sikuwahi. Kati ya yote uliyoninyima ugonjwa, hilo sijalisamehe. Walinipa kopo, nikarudi nalo limekaa kwenye mapaja yangu njia nzima.

Sasa ni mwaka na zaidi. Mkono wa kulia haukurudi na wameacha kuniahidi. Natembea na fimbo. Gereji nakaa kwenye tairi, vijana wananiletea vifuniko vya fyuzi nawasomea, na Atupele amefungua genge lake siku zote sita. Jina lake nalitamka kila asubuhi kabla ya kitu kingine, hata akiwa amenikasirikia. Barua zote kumi na moja naweza kuzisoma. Kama mgonjwa wako ameshikilia kitu kimoja kichwani, hata kama hakina maana kwako, hata kama ni Kijapani, usikifute kwa mguu. Anza hapo.

Programu bado naitumia. Ile alama yenye nukta mbili nilikuwa naijua mno, kwa hiyo ilikuwa imeshaipeleka mbali, miezi na miezi. Ilikuja siku moja wiki chache baada ya maziko, nikiwa kliniki. Boksi limeinama, nukta mbili, mstari. Inauliza: unaikumbuka? Ningebonyeza kijani, ingeondoka, nisingeiona tena mpaka mwakani.

Nikameza mate, nikabonyeza chekundu. Kesho yake ikarudi. Nikabonyeza chekundu. Imekuwa hivyo kila siku tangu siku ile, na asubuhi ya leo, kabla ya chai, imeniuliza tena, nami nimeiambia nimesahau.